Kunyoa Ndevu, Kila Alhamisi

Kabla hujasema nina wazimu, jua kwamba mimi ni mtu wa kazi. Mwaka wa tisa huu nahudumia wagonjwa na wazee majumbani mwao: naogesha, nalisha, nageuza kitandani, natoa dawa. Mizimu sina muda nayo. Jioni ile ya Jumatatu jua linazama, nilikuwa nawaza miguu yangu tu, maana ilikuwa imevimba tangu mchana.

Mteja alikuwa mpya kwangu. Bibi wa miaka themanini na kitu, nyonga imevunjika, mjane, anaishi peke yake nyumba ya mwisho ya mtaa. Ofisi ilinipa ufunguo na fomu ya huduma. Nusu saa kila jioni, basi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kumhudumia yeye?"

Nikacheka. Wazee wana yao. Nikafungua fomu.

Uji mwepesi, kwa kijiko. Maji ya kuoga yawe vuguvugu. Kunyoa ndevu, kila Alhamisi.

Nikarudia mstari wa mwisho. Nikamtazama Bibi. Kidevu laini kama sahani, meno yote yapo, na macho makali kuliko yangu. Nikampigia msimamizi wetu ofisini.

"Bosi, hii fomu ni ya mwanamume."

"Ilikuwa ya mumewe," akasema bila hata haya. "Alikuwa mteja wetu mpaka alipofariki. Tumebadilisha jina tu. Kwani mahitaji ya wazee si yaleyale?"

"Huyu ana meno, uji wa nini? Na hizo ndevu nizitoe wapi?"

"Dada, weka alama ya vyema kila kisanduku. Mfumo haupokei fomu yenye pengo. Usinitafutie balaa jioni hii."

Akakata simu. Nilikuwa na hasira za kuirusha ukutani, lakini nikaufyata. Nikapika uji, nikauweka kwenye meza ya chumbani, nikarudi jikoni kufuata kijiko. Niliporudi, bakuli lilikuwa limekombwa.

"Umekula upesi, Bibi."

"Sijala," akanong'ona. "Mimi sijala tangu mlipoanza kuandika."

Kwenye daftari la huduma, wenzangu walionitangulia walikuwa wameandika sentensi moja, jioni baada ya jioni, miezi minne: Mteja ni msahaulifu, hukana kwamba amekula. Nami niliandika hivyohivyo siku tatu. Naona aibu kusema, lakini niliandika. Na kila nilipomwinua kumwogesha alikuwa mwepesi kuliko jana, mbavu nje. Mtu anayemaliza bakuli kila jioni hakondi namna ile.

Ikafika Alhamisi.

Nilipofungua mlango nilikutana na harufu. Sabuni ya kunyolea... Kwenye stuli kulikuwa na beseni ambalo jana yake nililiacha kavu, limepinduliwa. Sasa lilikuwa na maji. Nikatia kidole.

Ya moto.

Na juu yake vilielea vinywele vifupi, vyeupe.

"Bibi, nani ameingia humu?"

Alikuwa anatazama upande wa pili wa kitanda, kule dirishani. Nami nikatazama. Godoro lilikuwa limebonyea, na hapakuwa na mtu.

"Tulimzika vizuri," akanong'ona. "Akaenda zake, nyumba ikapoa. Halafu nyinyi mkaanza kuja. Mkamwandikia uji, mkamwandikia maji, mkamwandikia wembe. Nani anaalikwa kila jioni asije?" Akashusha pumzi. "Alipokuwa hai alikula yeye, mimi nikakwangua ukoko. Sasa hata ukoko haniachii."

Niliogopa, lakini hasira ilizidi woga. Miezi minne! Watu wazima wenye vyeo na muhuri wanamlisha marehemu, na aliye hai anakufa njaa mbele yao. Nikachukua kalamu. Nikafuta mstari wa ndevu, nikaandika: Hakunyolewa. Hayupo. Kisha nikageuza karatasi upande mtupu.

"Bibi, wewe unataka nini?"

Akalia. Alisema hilo swali hajawahi kuulizwa, si na mumewe, si na sisi. Halafu akanitajia, polepole, kama anayeogopa kunyang'anywa. Chakula cha kutafuna. Maji ya moto kwenye nyonga, si vuguvugu, ya moto. Kiti chake kitazame mlangoni. Na mtu wa kukaa naye mpaka amalize kula. Nikaandika yote. Nikatoa mkate na yai la kuchemsha kwenye mkoba, chakula changu cha usiku, nikamhamishia Bibi kwenye kiti chake, nikakaa mbele yake. Akatafuna. Mungu wangu, alivyotafuna yule bibi...

Kwiii.

Kitanda kililia nyuma yangu.

Kisha kikohozi. Kikavu, cha mwanamume, hatua mbili tu kutoka nilipokaa.

"Usigeuke," Bibi akanong'ona, mdomo umejaa. "Ukiwepo hanigusi."

Sikugeuka. Jasho lilinitiririka mgongoni mpaka tonge la mwisho. Simu ikaanza kuita, ofisi hiyo, mteja mwingine ananisubiri na nimeshachelewa. Nikampigia magoti.

"Kesho nakuja na fomu yako mwenyewe, Bibi."

"Kesho ni mbali, mwanangu."

Asubuhi nilikuwa wa kwanza ofisini. Msimamizi akasoma karatasi yangu huku anakunywa chai.

"Mabadiliko yanafanyiwa tathmini. Siku kumi na nne za kazi," akasema. "Na hili 'hayupo' ni nini? Umeharibu fomu ya mteja, dada."

Nilimweleza. Uji, mbavu, beseni, yote. Nilimwambia Bibi atakufa. Akaniambia nishushe sauti, watu wanafanya kazi. Kufika saa nne nilikuwa nimeondolewa kwenye nyumba ile, ufunguo umechukuliwa, na binti mmoja mgeni kazini amekabidhiwa nakala safi ya fomu ileile. Kumweleza yule mtu ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Jioni zote nilipangiwa wateja wa upande mwingine wa mji. Alhamisi iliyofuata nikadanganya kwamba naumwa, nikaenda. Nilimkuta yule binti getini anafuta mikono, uso umechangamka.

"Dada! Mteja wako hana matata hata kidogo. Bakuli anaramba. Leo nimemnyoa, ametakata kweli."

"Na Bibi? Bibi anakula?"

Akanishangaa. "Bibi yupi? Fomu si ina mtu mmoja?"

Nikampita. Nikafika mlangoni.

"Bibi!"

Nikagonga mlango.

"Bibi, ni mimi. Nimekuja..."

Kikajibu kile kikohozi. Halafu kijiko kikagonga bakuli. Mara moja. Mara mbili. Kama mtu anayetaka kuongezewa.

Sikuingia. Ukinilaumu, unayo haki, mimi mwenyewe najilaumu kila siku. Miguu ilikataa, nami sikuibembeleza.

Baada ya zile siku zao kumi na nne, fomu ya Bibi ilipitishwa. Chakula cha kutafuna, maji ya moto, kiti, mtu wa kukaa naye: kila mstari umegongwa muhuri. Msimamizi alinikabidhi mwenyewe, anatabasamu kama mtu aliyenifanyia hisani.

"Haya, umeshinda. Unaanza leo jioni."

Nikamuuliza nani aliyemwona Bibi mara ya mwisho. Kumwona kwa macho.

Akageukia kompyuta yake, akashusha ukurasa kwa kidole, akashusha tena.

"Mbona unanitisha bure?" akasema. "Alama za vyema zote zipo. Hata jana amekula vizuri."