Mninga wa Mzee Mathias

Haya yalimpata rafiki yangu Polikarp, pale Sumbawanga, na wala simwonei huruma. Alitaka kujitengenezea gitaa la umeme, na mbao aliyoitamani ilikuwa ya ule mninga ambako baba yake, Mzee Mathias, alitundika mizinga ya nyuki. Mzee alikataa katakata. Siku alipolazwa hospitali, Polikarp aliwachoma nyuki wote kwa moto, akauangusha mti. Mzee aliporudi akakikuta kisiki, na hakumsemesha tena mwanawe mpaka akafa.

Mbao zilipokauka, Polikarp alizigandisha kwa gundi, akazibana kwa mipira ya baiskeli. Waya wa shaba akauzungusha kwenye sumaku ya kunasia sauti ya nyuzi, kwa gurudumu la cherehani mbovu ya mama yake. Gitaa likatoka zuri, la kuonewa wivu. Lakini alipolichomeka kwenye spika, likavuma.

“Ni ethi hiyo, mshikaji,” alisema Christopha, mpiga gitaa mwenzake. “Waya wa kwenda ardhini umelegea.”

Polikarp akaukaza, likazidi kuvuma. Mara umeme ukakatika. Karakana walimokuwa haina dirisha. Giza likawafunika, na spika ikafa kabisa. Mvumo haukukatika. Ulitoka kwenye gitaa lenyewe, mapajani mwa Polikarp.

“Zima basi!” Christopha alinong’ona.

“Nizime nini?”

Polikarp akachomoa waya wa spika, akamulika kwa simu lile tundu lake kwenye gitaa. Akatoka nyuki mmoja akitambaa, mabawa yameungua. Akatulia kidogo kwenye mwanga, kisha akageuka, akarudi ndani.