Nakala ya Tatu

Ilianza Jumamosi, tarehe 20 Aprili mwaka 2024, saa kumi na robo alasiri, pale mstari wa kijani kwenye kioo cha kompyuta uliposimama na feni yake ikaanza kutoa harufu ya udi.

Twaiba alisogeza pua kwenye matundu ya nyuma. Harufu ya vumbi lililopata moto aliijua. Ya waya unaoungua aliijua pia, kwani wiki ile radi ilikuwa imeunguza televisheni ya jirani, na ndiyo maana alikuwa ameamua kunakili kila kitu, mfumo mzima wa kompyuta pamoja na faili zake zote, kabla radi za masika hazijamfikia na yeye. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa udi, na chini ya udi palikuwa na harufu ya machinjioni.

"Wifi!" aliita. "Umefukiza?"

"Nifukize nikimpokea nani?" Warda alijibu kutoka bandani uani, mvua ikinyesha. "Kaka yako yuko Vanga na barabara imekatika. Mimi nakuna nazi yangu. Wewe endelea na huyo mume wako wa umeme."

Twaiba alicheka. Warda, mke wa kaka yake Swabir, alikuwa na mimba ya miezi saba na maneno ya kumtosha bibi wa miaka mia. Siku hiyo nyumba ya Msambweni ilikuwa na wanawake watatu tu: wao wawili, na mamake Twaiba, Bi Mishi, aliyejilaza chumbani na tasbihi yake.

Twaiba hakuwa mtu wa kubahatisha. Chuoni aliwahi kupoteza kazi ya muhula mzima kwa kompyuta moja kufa, na tangu hapo kila alichokithamini alikiweka mara tatu: ndani ya kompyuta, ndani ya diski aliyoifungia kabatini, na ndani ya diski nyingine iliyolala nyumba ya mtu, kwa sababu nyumba ikiungua huungua na kabati lake. Diski hiyo ya tatu alikuwa nayo Kavenya, rafiki yake wa chuoni, aliyepanga chumba Ukunda. Safari hii Twaiba alikuwa ameongeza jambo moja ambalo hakuwahi kulifanya. Aliiamuru programu kwamba ikishanakili kila faili iisome tena, mwanzo hadi mwisho, ili ahakikishe haikuharibika.

Mstari wa kijani ulikuwa umesimama kwenye faili moja. Faili ya sauti. Haikuwa na jina, ila tarehe: 25 Februari.

Tarehe ile aliijua. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Shaabani, siku ambayo Bi Kanze, mganga kutoka Gazi, alimtoa Warda jini lililokuwa likiidai mimba yake. Twaiba alirekodi kwa siri, simu ikiwa chini ya leso. Jini lilipobanwa lilitaja jina lake, mara moja tu, na Bi Kanze akawaonya wote waliokuwepo: "Jina limetajwa na limetosha. Atakayelitaja tena, ni yeye atakayekaliwa. Na kisibaki humu kitu chochote cha siku hii." Mkeka, chetezo, nguo alizovaa Warda, hata kikombe alichonywea, vyote vilipelekwa mikokoni Gazi vikazamishwa. Kisha mganga akaiona simu. Twaiba aliifuta rekodi mbele ya macho yake, akaapa: wallahi, haikubaki.

Aliapa kwa moyo safi. Alichosahau ni kwamba simu yake, kila ikiwa ndani ya nyumba ile, humwaga yote iliyobeba kwenye kompyuta, yenyewe, bila kuambiwa.

Ramadhani ilipita kwa amani, na Idi pia. Na sasa programu ilikuwa inaisoma rekodi ile, neno kwa neno, mpaka kwenye jina.

Twaiba aliuchomoa waya ukutani. Kioo hakikuzima. Mstari wa kijani ulitetemeka, ukasogea kidogo.

Ndipo aliposikia kwamba mlio wa uani umebadilika. Nazi inapokunwa hulia kwa ukavu, kru, kru, kru. Mlio huu ulikuwa na maji ndani yake.

Warda alikuwa amekalia mbuzi ya nazi, ule ubao wenye ulimi wa chuma, akiwa ametanua magoti kama kawaida. Kifuu kilikuwa kimeanguka zamani. Alichokuwa anakuna ni kiganja chake cha kulia, taratibu, kwa mzunguko uleule aliofundishwa na mama yake, na nyama ilikuwa inadondokea kwenye sinia juu ya nazi nyeupe.

"Warda," Twaiba alisema kwa sauti ndogo.

Warda aliinua uso. Alitabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyefunguliwa mlango.

"Mmeniita," alisema. Sauti ilikuwa ya kiume na haikuwa na haraka. "Nimekuja."

"Sikukuita."

"Umeniita vizuri sana. Mwanzo hadi mwisho, usiruke hata herufi. Ila mashine yako haina mwili, nikaurudia huu."

Bi Mishi alitokea mlangoni, kanga moja begani, akauliza ni mwanamume gani huyo, na kabla Twaiba hajageuka kumzuia, mwanamke yule mwenye mimba ya miezi saba ambaye asubuhi alihitaji kushikwa mkono ili ainuke kitini aliruka kutoka juu ya mbuzi kama paka, akamwangusha mama mkwe wake chini na kumng'ata bega mpaka meno yakagongana na mfupa, na Twaiba alipomshika nywele kumvuta nyuma alipigwa kwa kiwiko, akarushwa dhidi ya nguzo ya banda, akasikia jino lake likivunjika na kuliona likidondoka pamoja na damu kwenye sakafu, na alipoinua kichwa Warda alikuwa amesimama katikati ya ua kwenye mvua, ameinua ile mbuzi kwa mikono miwili, ulimi wa chuma ukiangalia chini, kuelekea kwenye tumbo lake mwenyewe.

"Nilidai kimoja tu," ile sauti ilisema. "Mlininyima."

Twaiba alijirusha miguuni pake. Chuma kilipita, kikachana dera la Twaiba begani, kikazama udongoni. Wakagaagaa. Bi Mishi, akivuja damu na akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti iliyokatikakatika, alimfunga Warda mikono kwa kanga yake, kisha wakamburuta ndani wakaifunga miguu kwa nyingine.

"Mpigie Kanze," Bi Mishi alinong'ona. "Na usiseme sana. Anatusikia."

Bi Kanze alifika kwa pikipiki, amejifunika nailoni, mwanamke mfupi mwenye magoti mabovu ambaye asubuhi huuza samaki. Alimtazama Warda pale mkekani, akamtazama Bi Mishi, akatazama kinywa cha Twaiba.

"Mmefanyana vibaya," alisema. Akafikicha majani ya mvumbasi, akayasugua usoni pa Warda, akafunga fundo la nywele zake kwa uzi mweusi, akaanza kusoma.

Warda alijinyonganyonga mpaka kanga ikalia. Mkono mmoja ulichomoka, ule uliochunika, ukakamata kidole kidogo cha mganga na kukivunja. Kililia kama kijiti.

"Hicho hata pete hakikuwa nayo," Bi Kanze alisema, jasho likimtoka. "Chukua. Haya, niambie. Umeingilia wapi?"

Ile sauti ikacheka. "Muulize msomi wenu."

Bi Kanze hakugeuka. "Msomi. Kumebaki nini?"

"Sauti," Twaiba alijibu. "Ya siku ile. Imo kwenye kompyuta. Na kwenye diski iliyochomekwa hapo."

"Uliapa, mwanangu."

"Niliapa nikidhani..."

"Kwake yeye hakuna kudhani. Kavunje."

"Kanze, nakuomba," Bi Mishi alisema kutoka kwenye kona, akibana bega lake. "Humo mna sauti ya Mbwana akisoma Yasini. Marehemu mume wangu hana nyingine."

Warda alianza kujipiga kichwa sakafuni, na kila akipiga ile sauti ilikuwa ikisema, kwa upole, kwa lafudhi ya marehemu mwenyewe, "Mishi, usiniache. Mishi, usiniache."

Bi Mishi alifumba macho. "Vunja," alisema.

Twaiba alichukua shoka la kuni. Kioo kilikuwa kingali kinawaka, waya ukiwa chini. Alipiga kioo, akapiga diski mpaka ikawa bapa, akapiga sanduku la kompyuta mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na bati lilipopasuka kilichomwagika nje hakikuwa vumbi wala waya. Ilikuwa nazi iliyokunwa, imelowa, ina rangi ya waridi, na bado ina joto.

Chumbani Warda alilegea. Bi Kanze aliweka kiganja kwenye tumbo lake, akangoja, akangoja tena, mpaka uso wake mwenyewe ukafunguka.

"Anacheza," alisema. "Mtoto anacheza." Akamgeukia Twaiba. "Zimekwisha?"

Twaiba alifungua kinywa ili aape. Akakifunga.

"Kuna ya tatu," alisema.

Bi Mishi alitoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Iko Ukunda, kwa rafiki yangu. Niliipeleka siku ya kuvunja jungu, kabla ya Ramadhani kuingia. Sikuisikiliza, wala hakuna aliyeifungua."

"Mpigie."

Simu ya Kavenya haikupatikana. Umeme ulikuwa umekatika pwani nzima.

"Basi asitoke mtu mpaka kuche," Bi Kanze alisema. "Nimemfukuza humu ndani, sikumtoa duniani. Sasa yuko huko nje, na nyumba amebakiwa na moja. Alfajiri kailete nikaizamishe na vile vingine." Kisha akashusha sauti. "Lile jina. Unalikumbuka?"

"Ndiyo."

"Lizuie kwa meno uliyobakiwa nayo."

Baada ya sala ya alfajiri Twaiba alipanda pikipiki akaenda Ukunda, shavu limemvimba. Mvua ilikuwa imekatika. Kavenya alifungua mlango akiwa na mswaki mdomoni.

"Wewe tena?"

"Tena vipi?"

"Twai, wacha mchezo. Si ulikuja jana jioni, na mvua ikinyesha vile? Ukachukua hiyo diski yako. Manze, hata salamu hukunipa! Umesimama tu hapo kwa mlango, umenyoosha mkono." Kavenya alikigusa kiganja chake cha kulia. "Na ulikuwa umeumia hapa, vibaya sana. Nikakwambia ingia nikufunge kitambaa. Ukacheka."

Twaiba alikuwa tayari amepiga simu nyumbani.

"Mama, shikamoo. Bi Kanze yuko hapo?"

"Marahaba. Amekwenda hospitali, kidole kikafungwe."

"Funga mlango wa mbele na wa uani. Usimfungulie mtu. Hata akiwa mimi."

Upande wa pili, mbali kidogo na simu, Twaiba alisikia kru, kru, kru.

"Twaiba," Bi Mishi alinong'ona. "Wewe si umesharudi? Umekaa uani. Unamkunia Warda nazi ya uji. Mimi... ninazungumza na nani?"

"Warda yuko wapi?"

"Umemwita sasa hivi. Anakwenda kwako."

"Mzuie!"

"Nimemshika, mwanangu, ananiburura. Hanisikii."

Kutoka Ukunda hadi Msambweni, pikipiki ikienda mbio, ni nusu saa. Twaiba hakuhitaji kupiga hesabu hiyo. Alimshika Kavenya mabega, akamtoa nje na mswaki wake mkononi.

"Hee! Twai, ni nini?"

"Mtafute Bi Kanze, hospitali ya Msambweni. Usiufungue mlango huu mpaka aje yeye. Nikikuita, usifungue. Nikilia, usifungue."

Akaingia, akafunga, akasukuma komeo. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda, jiko la gesi, sufuria mbili. Kavenya mtu wa bara, wa Makueni, nazi hajui hata kuivunja, sembuse kuwa na mbuzi. Twaiba aliiweka simu karibu na kinywa, akalitaja jina lile, lote, polepole, asiruke hata herufi.

Kwenye simu mlio ulikatika.

"Hayupo," mama yake alisema, akilia. "Ya Rabbi, hayupo. Mbuzi iko peke yake." Na nyuma yake sauti ya Warda, yake mwenyewe, imechoka na imekereka: "Mama, mbona mwanibana hivi? Na wifi yuko wapi?"

Chumbani mle ikapanda harufu ya udi. Kiganja cha kulia cha Twaiba kikaanza kuwasha. Nyuma yake, pale palipokuwa na sakafu tupu, kitu kikaanza kukunwa, kru, kru, kru, bila haraka.

Hakugeuka mara moja. Alikata simu. Alilishika komeo, akalisukuma mara ya pili, kuhakikisha limeshika.

Kisha akageuka.