Swali la Kapteni Eikeland

Foleni ya kibanda cha chapati za nyama pale El Segundo, mji wa pwani Marekani, ilifika barabarani. Lorena Baca, gauni la manjano limemkaa sawasawa, alikuwa karibu kuhudumiwa pale mwanamume mrefu aliyekuwa mbele yake alipogeuka ghafla na kummwagia pilipili kifuani.

"Samahani, dada. Nilidhani ni nyanya, imeniunguza mdomo."

"Na sasa umeniharibia gauni. Lete hizo chapati zako nile mimi."

Akampa zote, akabaki anamtazama anavyokula. Alikuwa Tormod Eikeland, kapteni wa jeshi la anga la Norwe.

Jumatatu wakakutana tena, safari hii ofisini kwa Lorena, kwenye jengo la jeshi, wote wakijifanya hawajuani. Mezani kulikuwa na kisanduku cheusi kinachonasa ishara za siri za setilaiti, ili ndege isipotee hata adui akivuruga mawimbi. Marekani iliwagawia Wanorwe visanduku hivyo. Kazi ya Lorena ilikuwa kuhakikisha nchi rafiki inakitumia bila kujua kilivyoundwa. Ukikifungua, kinafuta siri zake chenyewe.

Mapenzi yakapamba moto. Simu asubuhi, simu jioni.

"Umelala, kapteni wangu?"

"Nitalalaje na sauti hiyo sikioni?"

Jioni moja wakila aiskrimu ufukweni, Tormod akauliza, "Hivi mle ndani mmeweka nini? Mafundi wetu wanalalamika, kikiharibika hawaruhusiwi hata kukigusa."

Lorena akaiweka aiskrimu chini. Akaaga mapema. Asubuhi akaenda kwa mkuu wa usalama, akaeleza yote: mapenzi, aiskrimu, swali. Kabla ya saa sita Tormod alikuwa amezuiwa kuingia jengoni.

Siku kadhaa zikapita. Kisha simu ikalia.

"Umenichongea, Lorena."

"Nimeripoti. Ningenyamaza, kesho wangesema nimekupa siri."

"Si ungeniuliza kwanza?"

"Ungekuwa jasusi, ungenijibu nini?"

Tormod akacheka kicheko kizito.

"Mimi nilikuripoti wiki ya kwanza, bibie. Niliwaambia wakubwa wangu nimempenda mwanamke wa upande wa pili. Wakuu wetu wamelinganisha maneno yetu, yanafanana. Leo wamenirudishia kibali."

Lorena akaketi sakafuni, machozi na kicheko vikimjia pamoja.

"Mimi nimeomba nihamishwe," akasema. "Siwezi kuamua nchi yako ipewe nini huku nakupenda. Wamekubali."

"Kazi uliyoipigania miaka yote?"

"Wapo wengine wa kuifanya. Shuka ngazi za hoteli yako, nakuja."

Alimkuta kando ya barabara, shati jeupe halijafungwa vifungo vyote, watu wakiwapita kwa haraka zao. Lorena akamkumbatia kwa nguvu mpaka kidevu chake kikauma kifuani mwa Tormod.

"Naogopa kukuuliza swali tena," Tormod akamnong'oneza.

"Uliza tu. Hili naruhusiwa kujibu."

"Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo," akasema Lorena. "Na kesho asubuhi tunakwenda wote wawili kuliripoti."