Chupa ya Mawese

Hapana, Paulina, sikuja kwa miguu. Nani kakudanganya, huyu Simeo? Kutoka Urundi mpaka hapa Misima kwa miguu, si ningefika na mvi! Tulipanda meli, halafu gari moshi, halafu lori. Nilikuwa na miaka kumi, kama wewe, ila mwembamba zaidi. Wewe unakula, bwana. Mimi nilikuwa sili, na hilo ndilo lililoniletea aibu. Sogeeni basi.

Ilikuwa baada ya vita ya Hitla. Baba yangu mzazi alishafariki. Mama yangu, Bernadina, alikuwa anavuka ziwa na mawese kwenda kuuza sokoni Kigoma. Huko akakutana na Mzigua mmoja, Hiza, anapakua mizigo bandarini. Mrefu, mpole, ana pengo hapa mbele. Mama alikuwa hajacheka tangu tumzike baba. Kwa huyo Mzigua akacheka. Wakaoana, na Hiza alipomaliza kazi yake akasema, "Sasa twende kwetu Handeni."

Bibi alitusindikiza mpaka ziwani. Hakulia. Akanifunga kitambaa chake shingoni, akasema, "Ukale vizuri, mjukuu wangu." Meli ikaondoka, nikamwona anakuwa mdogo, mdogo, mpaka akawa kama kijiti kimechomekwa mchangani.

Sasa, bibi alikuwa amenifunza kwamba mtoto mwenye adabu hali mbele ya watu wasio wa nyumba yake. Unageuka pembeni, unakula, umemaliza. Huku kwa Wazigua nikakuta sinia moja uani, watu wanane wamelizunguka, na jirani akipita anaitwa, "Karibu tule!" Nikiitwa mimi nasema nimeshiba.

"Umeshiba nini?" Huyo ni shangazi Zamda, dada yake Hiza, mdomo wake haukuwa na mlango. "Huyu mtoto anakula upepo? Au anaona tutamroga?"

Watu wanacheka, mimi nazidi kujikunja. Baadaye nikienda nyuma ya jiko nakuta bakuli limefunikwa ungo. Nakula haraka haraka, peke yangu. Kila jioni lipo. Nilijua ni mama ananiwekea. Lakini hamu ya kwetu ilikuwa imekaa tumboni, chakula hakipati nafasi. Nikifumba macho nasikia harufu ya mawese na dagaa wa ziwani, nasikia bibi anakohoa jikoni kwake. Nikifumbua, ni Misima.

Siku moja Hiza akaniambia, "Kesho napeleka mahindi Korogwe. Utanisindikiza, mwanangu?"

Nikasema ndiyo upesi, naye akafurahi. Masikini, hakujua. Korogwe kuna stesheni, na mimi niliamini kila gari moshi linakwenda Kigoma, maana nilikuwa nimepanda moja tu maishani. Kutoka Morogoro tulikuja kwa lori, nikalala juu ya magunia njia nzima. Ningejuaje kwamba reli ya kule na reli ya huku wakati ule hazikuungana?

Tulipofika sokoni akasema, "Nilindie magunia. Kuna kitu nakitafuta kwa manamba." Manamba ndio wale vibarua wa mkonge waliotoka nchi za mbali. Alipopinda kona tu, nikakimbia.

Stesheni nikamkuta kuli mmoja, Yordani. "Shikamoo. Nataka gari moshi la Kigoma."

"Marahaba. La wapi?" Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mwanangu, hapa ukipanda la huku unafika Moshi, ukipanda la kule unafika Tanga. Kigoma kwa reli hii huendi hata uzeekee ndani!"

Nikalia. Nililia, wajukuu zangu, kama nimefiwa. Yordani akaacha kucheka, akainama. "Nani kakufanya nini? Mbona mbavu zinahesabika?"

Hapo nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia joto masikioni. Nikasema, "Baba wa kambo ananinyima chakula."

Yordani akanishika mkono, tukarudi sokoni. Njiani akamwambia Mzee Mdoe, mzee wa baraza, na watu wakatufuata. Mzee Mdoe akasema, "Kama ni kweli, huyo bwana atalala ndani, na mama na mtoto watarudishwa kwao."

Kurudishwa kwetu! Moyo uliruka. Nikaongeza mwendo.

Hiza tulimkuta anazunguka magunia, jasho linamtoka, anaita, "Valerian! Valerian!" Mkononi ana chupa. Aliponiona akaweka mkono kifuani. Halafu akawaona watu.

"Wewe ndiye unayemnyima mtoto chakula?" Mzee Mdoe akauliza.

Hiza akanitazama. Hakufoka. "Yeye kasema hivyo?"

"Kasema."

"Basi muulizeni tena mbele yangu."

"Kwanza, hiyo chupa ni nini? Pombe?"

"Mawese, mzee. Nimezunguka kambi tatu za manamba kuyatafuta. Huyu hali mbele ya watu, mama yake kaniambia ndiyo adabu ya kwao. Kila jioni namfunikia bakuli nyuma ya jiko. Lakini hanenepi. Nikadhani labda ni chakula chetu kinamshinda."

Kumbe ni yeye! Siku zote zile, ni yeye. Nikayatazama yale mafuta mekundu. Ningesema neno moja tu, ningerudi kwa bibi.

"Nimesema uongo," nikasema. "Hajaninyima. Namtaka bibi yangu."

"Mchapeni!" akapiga kelele mama mmoja wa ndizi.

Hiza akachuchumaa mbele yangu. "Valerian, kuwa na hamu ya kwenu si kosa. Hata mimi kule Kigoma nililia, na nilikuwa na ndevu. Ukiniambia unamtaka bibi, tutakaa tulie wote, tutafute njia. Lakini ukisema uongo, unanifunga mimi, unamuumiza mama yako, na hamu yako bado unabaki nayo. Sema lile linalouma. Hilo tu."

Yordani alijua kuandika. Palepale akaandika barua kwa bibi, na Hiza akainunulia stempu. Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Mimi bibi sikumwona tena, na hata leo honi ya gari moshi ikilia nageuza shingo.

Lakini jioni ya siku ile ile ya Korogwe, mama alipika dagaa kwa mawese. Sinia likaletwa uani. Hiza akasema, "Leo tunakula kama kwao. Geukeni!" Wote wakageuka, migongo kwa sinia, wanapapasa nyuma kwa mikono.

"Yallah! Nimeshika kidole cha nani?" Zamda akalia. Mama akacheka kile kicheko cha Kigoma.

Mimi ndiye niliyegeuka wa kwanza. Nikanawa, nikakaa karibu na goti la Hiza, nikasema, "Baba, geukeni basi. Tule." Wakageuka wote, tukala.