Hapana ya Kwanza

Jumamosi ile jumba la makumbusho la wahamiaji wa Skandinavia, pale mjini Duluth, lilifurika watu, na foleni ya kahawa ilipita katikati ya masanduku ya mbao waliyokuja nayo mababu. Ardis, mjane mwenye mvi za kupendeza, alivaa vazi la Kinorwei la marehemu bibi yake: kizibao chekundu, vifungo vya fedha na sketi nzito ya sufu. Aligeuka na sahani ya mikate myembamba ya viazi, akampiga kikumbo mzee mmoja mrefu mwenye sweta la kijivu.

"Samahani, baba!"

"Baba yako nani, Ardis?"

Sauti ile! "Toivo? We Mfini, umefuata nini huku kwa Wanorwei?"

"Nimekuja kuwaaga Wafini wenzangu. Mmetuweka chumba cha nyuma, karibu na choo."

"Shukuruni mmepewa chumba!"

Walicheka kama enzi zile Ardis alipokuwa akitoroka nyumbani kwenda kucheza dansi na Toivo kwenye ukumbi wa Wafini, akirudi na gauni lake la bluu linanukia moshi wa kuni. Ah, ujana! Wote wawili waliukumbuka, wakaona haya kutazamana.

Simu ya Toivo ikalia. "Naam, mwanangu. Gari limejaa? Haya, nakuja." Akaitia mfukoni. "Mwanangu ananihamishia kwake Arizona, kwenye joto. Eti theluji ya huku itaniua mgane mimi."

"Lini?"

"Leo hii. Nikumiminie kahawa?"

"Hapana, usijisumbue."

Toivo akajimiminia yake, akarudisha birika mezani.

"Ndiyo nini hiyo?" Ardis akamaka.

"Si umekataa?"

"Toivo! Uzee wote huo hujajifunza? Mnorwei hakubali kahawa mara ya kwanza, ataonekana mlafi. Unamuuliza tena, anakataa tena. Ya tatu ndiyo anakubali, tena nusu kikombe!"

"Kwetu hapana ni hapana." Toivo akaweka kikombe mezani. "Ardis. Siku ile kando ya ziwa, nilipokuomba unioe... yaani nikuoe..."

"Hata siku ile ulijikwaa hapohapo."

"Ulinijibu, 'Hapana, usijisumbue.' Nikaondoka, nikapanda meli nikaenda zangu mbali."

"Nami nikabaki kwenye benchi mpaka baridi ikanifukuza. Nilikuwa nangoja uniulize tena, laazizi wangu." Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. "Nilidhani hukunitaka sana."

Nyuma yao mtu alilalamika kwamba foleni haisogei. Simu ikalia tena. Toivo hakuigusa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kama angetoka mlangoni sasa, asingerudi tena, na wote wawili walilijua hilo.

"Ardis, utakubali nikuoe?"

"Ndiyo."

Toivo akamkodolea macho. "Mara ya kwanza tu? Mimi nilishajiandaa kwa tatu."

"Nilishakataa mara moja, mpenzi. Iliniponza."

Toivo akaitoa simu mfukoni, akapiga. "Mwanangu? Shusha masanduku... Ndiyo, yote." Akaikata, akanyanyua birika. "Haya. Na kahawa je?"

"Hapana," Ardis akasema, akijifuta macho kwa ncha ya mkono wa vazi la bibi yake. "Usijisumbue."

Toivo akatabasamu, akauliza tena.