Neno Lenye Mishono

Asubuhi, chumba cha mbele cha mama fundi kilikuwa na kelele mbili. Moja ya cherehani. Nyingine ya binti yake, Sindano. Jina hilo alipewa kwa ajili ya wembamba wake, na kwa ajili ya mdomo wake pia.

Sindano alikuwa akikanyaga cherehani huku akiimba masomo.

"Hai-dro-li-si-si! Ka-ni-vo-ra!"

Kila silabi na mkanyago wake.

"Na maana yake?" mama aliuliza.

"Maana itakuja, mama. Kwanza niyameze."

"Haya, meza. Angalia yasikukwame."

Yakakwama kweli. Siku ya jaribio la bayolojia, chumba cha mtihani hakikuwa na cherehani. Sindano akaanza kukanyaga chini ya meza ili maneno yaje. Ta! Ta! Ta! Msimamizi akamuuliza kama amebanwa, aende msalani. Darasa zima likaangua kicheko, na maneno yote yakatoka mbio.

Alifeli vibaya. Sasa ulibaki mtihani mkuu. Bila kufaulu bayolojia, chuo cha uuguzi angekisikia kwa wenzake tu.

Jioni ile alikaa akifumua koti jeupe bila kuimba. Mwenye koti alikuwa jirani yao, dada anayepima damu kwenye maabara ya hospitali. Alitaka lipunguzwe kiunoni.

"Leo Sindano imekatika ncha?" dada alitania alipoingia.

"Shikamoo, dada. Kichwa changu kibovu. Maneno ya sayansi ni marefu mno."

"Marahaba. Hebu niambie, koti hilo unalifumuaje?"

"Natafuta mshono. Nikikata popote nitaliharibu."

"Basi na maneno hayo yana mishono. Mengi yameshonwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini. 'Haidro' ni maji. 'Lisisi' ni kufungua, kuachanisha."

Sindano aliinua kiwembe. "Kufumua!"

"Ehee! Kwa hiyo haidrolisisi?"

"Kufumua kitu... kwa maji?"

"Umeona? Sasa Kilatini. 'Vora' ni mlaji. 'Kani' ni nyama. 'Omni' ni kila kitu."

"Omnivora, anayekula kila kitu," mama alidakia. "Kumbe baba yako ana jina la kisayansi!"

Walicheka mpaka baba akachungulia kutoka chumba cha ndani, mkate mkononi. Wakacheka upya.

Dada akaongeza jambo. "Lakini usiamini vipande peke yake. 'Atomu' maana yake ni isiyokatika, na wanasayansi wameshaipasua. Kipande kinakupa mwanga. Halafu soma kitabu uhakikishe."

Tangu hapo, Sindano alifumua kila neno. Alipokutana na hemoglobini, alimuuliza dada, akaambiwa "hemo" ni damu. Akasoma kitabuni, akahakikisha, akakuta hemoglobini imo ndani ya chembe nyekundu za damu. Kipande kimoja kilimfungulia maneno mengi. Cherehani ikabaki kwa nguo tu.

Siku ya mtihani mkuu ikafika. Kwenye karatasi kulikuwa na neno ambalo hakuwahi kuliona: hemolisisi. Eleza maana yake.

Mguu ukanyanyuka wenyewe, tayari kukanyaga. Akaurudisha chini taratibu. Akatafuta mshono.

Hemo. Lisisi.

"Damu, kufumuka," alinong'ona. Akaandika: kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu.

Miguu ikatulia mpaka kengele ilipolia.

Matokeo yalipotoka, Sindano alikimbia kwa jirani kabla hata ya kwenda kwa mama yake. Mama akamfuata nyuma, kipimo cha nguo kikiwa bado shingoni.

"Nimefaulu, dada! Chuo nakwenda! Ahsante sana. Sijui nikulipe nini."

"Mwanangu, na mimi nashukuru," mama alisema, macho yamelowa. "Umenirudishia mtoto aliyekuwa anajiita kichwa kibovu."

Dada alikuwa amevaa koti lake jeupe. Lilimkaa sawasawa kiunoni. Alilipapasa, akatabasamu.

"Mimi nilimwonyesha pa kufumua tu, mama. Kushona ameshona mwenyewe."

Sindano akamkumbatia dada kwa nguvu, hadi vifungo vya koti vikalalamika.

"Taratibu!" mama alifoka, huku akijifuta machozi. "Ukivikata, utavishona wewe kabla hujaenda chuo!"