Pioni ya Mbele ya Malkia

Wewe, ulishawahi kugusa kitu halafu ukaapa hukukigusa? Usinijibu. Mouna naye hakujibu mwaka mzima, mpaka fainali ya sataranji pale ukumbini Kalemie, mchana kweupe.

Lilianza jambo dogo. Pioni yake, yule askari wa mbele ya malkia, ilikuwa imelowa. Akaifuta kwa kitenge, akaisukuma hatua mbili, kama anavyofungua siku zote.

"Mama Mouna, unaosha vyombo ao unacheza?" alitania Wilfried, mpinzani wake.

Watu wakacheka. Mouna pia. Alikuwa na digrii. Imani za majini na mapepo aliwaachia shangazi zake.

Lakini pioni ile aliijua. Fainali iliyopita aliishika, akaona kosa, akaiachia. Sheria haina huruma: ukigusa, unacheza. "Umegusa," Sulemani, mpinzani wake wa siku ile, akamwambia. Mouna akaapa kuwa hakuigusa, kama wanavyoapa watu wa ziwani: akanywa kikombe cha maji ya Tanganyika mbele ya wote. Kiapo cha maji hakibishiwi. Sulemani akawa ndiye mwongo, akazomewa hadi sokoni, akapanda boti ya Kigoma kuficha uso wake. Boti haikufika.

Sasa Mouna alinyoosha mkono kuchukua farasi. Pioni ilikuwa imerudi mahali pake, inachuruzika.

"Nani ameirudisha?"

"Hakuna muntu amegusa, Mama," alisema Papa Apollinaire, mwamuzi.

Neno hilo likamchoma. Harufu ikaingia, ya tope la chini kabisa ziwani, ikapanda miguuni mwa meza, ikamkaa kooni, na alipoinua macho akamwona Wilfried ameinamisha kichwa, maji yakimtoka mikononi mwa shati, kisha puani, kisha kinywani, na katikati ya maji hayo ikatoka sauti isiyokuwa yake, sauti ambayo Mouna alikuwa akiikimbia mwaka mzima hata akioga:

"Umegusa."

"Hii njo jini ya maji," Papa Apollinaire alinong'ona, akimshika Wilfried asianguke. "Inadai kiapo yake. Ni nani aliidanganya? Aseme, mutoto wa watu anazama hapa pakavu!"

Kombe la mshindi lilikuwa pale mezani, linang'aa bure kabisa. Wilfried alikuwa anageuka rangi ya majivu. Digrii haikuwa na la kusema.

Mouna akaweka kidole juu ya pioni. Ilikuwa baridi kama mkono wa maiti.

"Niligusa," akasema, kwa sauti, wote wasikie. "Sulemani, niligusa."